Mjadala: Mpaka wa kuita presha ya juu uwe 140/90 kwa wote, mke kwa mume?

Kisiki: Watafiti wa hospitali ya Cedars-Sinai, Los Angeles, walipitia vipimo vya maelfu ya watu, wakiwemo wa ule utafiti wa moyo wa Framingham, Marekani, ulioanza 1948. Mwaka 2020 wakasema presha ya mwanamke hupanda kwa kasi kuliko ya mwanaume, tena tangu ujanani. Mwaka uliofuata wakaongeza: kwa mwanamke hatari huanza namba ya juu ikiwa 110 na kitu. Mbona sisi tunasubiri 140?

Baharia: Mwanamke ana estrojeni, homoni ya kike, inalegeza mishipa mpaka hedhi ikome. Mshtuko wa moyo humfika kama miaka 10 baada yetu. Tunaokufa mapema ni wanaume, mawazo ya ada na kodi yanatumaliza.

BintiTanga: Shikamoo mzee, lakini ada gani? Watoto wangu watatu nawasomesha kwa genge la mboga. Mawazo hayo mnayo peke yenu?

Baharia: Marahaba. Sijakutaja wewe, mwanangu.

BintiTanga: Umesema "wanaume". Sisi tumekaa tu?

Mpemba77: Kama homoni ndiyo kinga, wapewe vidonge hedhi ikikoma, yaishe.

NesiMstaafu: Hayaishi. Marekani walijaribu vidonge vya estrojeni pamoja na homoni nyingine, projestini, wakasimamisha 2002: kiharusi na saratani ya matiti viliongezeka. Na hiyo kinga msiitegemee. Aliyepata kifafa cha mimba anabaki na hatari ya presha na moyo miaka mingi baadaye. Tunamruhusu na mtoto wake, hakuna anayemwambia arudi kupima. Hilo linaniuma kuliko hiyo 140.

BintiTanga: Mimi angalau kila mimba nimepimwa. Mume wangu hajawahi kuvalishwa kile kitambaa mkononi.

Baharia: Zahanati imejaa akina mama na watoto, unafika saa mbili unatoka saa nane. Kibarua aache kazi?

BintiTanga: Na genge langu nani analikalia nikiwa kwenye foleni?

Kisiki: Jamani, niliuliza kuhusu 140/90.

NesiMstaafu: Kaka, mpaka wowote utakaouweka hautamsaidia asiyepimwa. Mashine ipelekwe sokoni na bandarini jioni, wapimwe wote wawili. Mzee Baharia, wewe mara ya mwisho ulipima lini?

Baharia: Hilo ni langu na mke wangu.

BintiTanga: Basi mke wako ndiye anayebeba mawazo.