Kanda za chati za redio za miaka ya 80 na 90: nizihamisheje kwenye kompyuta bila kuziua?

Kanda_Tisini

Wakuu, habari za humu. Nina kanda 38 zilizorekodiwa kutoka redioni, nyingi C90 (za dakika 90), chache C60. Za mwanzo ni vipindi vya salamu na maombi vya RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam) kwenye masafa ya kati. Za mwisho ni chati za FM za Dar baada ya redio binafsi kuanza, zile za kuhesabu kutoka namba 20 kushuka mpaka namba moja. Zimekaa Tanga ndani ya sanduku la bati na baadhi zina ungaunga mweupe pembeni ya tepu. Juu ya jalada kumeandikwa "Top 20 Jmosi" basi, tarehe hakuna.

Naomba kujua: nianzie wapi kabla sijazipiga? Vichezeshi vidogo vya USB vinafaa? Zipo zinazokwenda mbio, mtangazaji anasikika kama mtoto, hilo linarekebishika? Na tarehe ya kipindi naipataje?

FundiDeki

Mkuu, kabla ya yote vunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kila kanda. Ukikosea ukabonyeza REC badala ya PLAY, kanda yenye kijino inafutika, isiyo nacho inakataa. Kazi ya dakika kumi kwa kanda zote 38.

Zenye ungaunga zitenge kabisa. Ule ni ukungu wa unyevu wa pwani, na kanda moja ikipita kwenye mashine inaambukiza zinazofuata. Usizianike juani, plastiki itapinda na tepu itajikunja. Ziweke kwenye chombo chenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, wiki mbili hivi. Kisha fungua ganda (maganda mengi yana skrubu tano ndogo), futa kingo za mzingo kwa kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi, nje ya nyumba, ukiwa na barakoa. Hizi zipige mwisho, na usafishe hedi (kile kichwa cha chuma kinachosoma tepu) kila baada ya upande mmoja.

Nzima nazo usizipige moja kwa moja. Peleka mbele mpaka mwisho, rudisha mpaka mwanzo, ndipo upige. Kanda iliyolala miaka ishirini mizingo yake imegandana au imelegea, na hapo ndipo mashine inapokula tepu. Ikiwa nzito, anza kwa kalamu ya Bic mkononi kabla ya kuipa mota.

Angalia pia kile kipande cha sponji katikati ya mdomo wa kanda. Gundi yake hukauka, kinadondoka, halafu sauti inafifia na kurudi, watu wanadhani tepu imekufa. Hamishia mizingo yote miwili kwenye ganda la kanda nyingine ya bei ya chini yenye skrubu. Tepu ikiwa imekatika, unga kwa utepe maalumu wa kuungia, ukibandika upande wa nyuma usiogusa hedi. Selotepu ya dukani usiiguse: gundi yake hutambaa na joto, inanata kwenye mzingo wa juu yake, na siku ukipiga inang'oa unga wa sauti.

Mashine: tafuta deki ya mezani ya zamani. Vile vya USB vya bei nafuu mota yake haitulii, sauti inayumba, na vingi hubana sauti kuwa MP3 papo hapo. Deki iliyokaa sana mkanda wake wa mpira unakuwa umelegea au umeyeyuka kama lami. Toa ile lami yote kwa spiriti, kisha pima njia ya mkanda kwa uzi na nunua mpya ulio mfupi kwa takriban asilimia 5 kuliko uzi huo. Mrefu unateleza, mfupi mno unavuta ekseli ya mota.

Hedi na kile kijiti cha chuma kinachovuta tepu visafishe kwa pamba ya masikio na isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Spiriti ya kusafishia vidonda mara nyingi ina mafuta, inaacha utando. Rola ya mpira ifute kwa maji na sabuni kidogo, maana spiriti inaikausha mpaka ipasuke.

LainiYaSauti

Naongezea upande wa kunasa sauti.

Toa sauti kwenye LINE OUT ya deki, ingiza kwenye LINE IN ya kadi ya sauti ya USB. Tundu la maiki la laptopu liepuke: mara nyingi ni la chaneli moja na linakuza sauti kupita kiasi, inapasuka. Kama una tundu la hedifoni tu, weka volyumu nusu halafu rekebisha kwenye kompyuta. Kilele cha sauti kikae kati ya -12 na -6 dB. Usihangaike kujaza mizani. Mtangazaji akipiga kelele kutaja namba moja ndipo utakapokata vichwa vya mawimbi, na hapo hakuna dawa.

Rekodi WAV, biti 24, kilohezi 48. Saa moja inakula kama GB 1.04, kwa hiyo C90 nzima ni GB 1.55. Kanda zako 38 hazifiki GB 60. Baadaye geuza ziwe FLAC, ukubwa unashuka sana na hakuna kinachopotea. MP3 tengeneza kwa kusikiliza tu.

Dolby (swichi ya kupunguza mchanga wa tepu) izime. Redio kaseti nyingi za nyumbani hazikuwa nayo, na ukiiwasha kwenye kanda isiyorekodiwa nayo inameza sauti nyembamba zote. Swichi ya aina ya tepu iache Normal isipokuwa jalada linasema Chrome.

Sasa jambo ambalo wengi hulisahau. Kila redio kaseti hedi yake ilikaa kwa mwinamo wake. Kanda iliyorekodiwa kwenye hedi iliyoinama kidogo, ukiipiga kwenye deki yako inatoka kama mtu anaongea nyuma ya blanketi. Pembeni ya hedi kuna skrubu mbili, moja ina springi. Iwekee alama ya wino ulipoikuta, geuza sauti kuwa mono kwenye spika, cheza sehemu yenye "s" nyingi za mtangazaji au matoazi, kisha zungusha ile yenye springi taratibu, robo ya mzunguko kwenda au kurudi. Kuna mahali sauti inafunguka ghafla. Simama hapo. Fanya hivyo kwa kila kanda, na ukimaliza rudisha kwenye alama. Hakuna programu itakayorudisha kile ambacho hedi haikukisoma.

Ukisikia mvumo mzito, ondoa chaja ya laptopu ujaribu kwa betri. Mara nyingi mvumo wa hezi 50 unatoka kwenye chaja wala si kwenye kanda.

MsikilizajiTanga

Zinazokwenda mbio zina sababu mbili na usizichanganye.

Ya kwanza, deki yako ndiyo inayokimbia. Pima kwa kanda iliyonunuliwa dukani yenye wimbo unaoujua urefu wake. Kwenye deki nyingi kuna kitundu kidogo nyuma ya mota, bisibisi nyembamba inaingia na kurekebisha kasi.

Ya pili, redio iliyorekodi ilikuwa inakufa betri. Mawe yakichoka mota inazunguka polepole, tepu inapita pungufu, na ukiipiga leo kwa kasi sahihi ya sentimita 4.76 kwa sekunde, kila kitu kinaharakishwa. Dalili yake ni kwamba mwanzo wa upande uko sawa na mwisho ndio unakuwa kama katuni, maana betri zilizidi kushuka kadiri kipindi kinavyokwenda.

Dawa iko kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti kwenye kompyuta. Kama kosa ni lilelile upande mzima, tumia amri ya kubadili kasi na kimo cha sauti kwa pamoja. Hesabu ni hii: wimbo wa dakika 4 kamili (sekunde 240) kwenye kanda unachukua 230. Gawa 230 kwa 240, unapata 0.958. Hiyo ndiyo kasi ya kuweka. Pima nyimbo tatu, usitegemee mmoja, kwa kuwa studio nazo zilikuwa na sahani zilizoyumba, na watangazaji walikuwa wanakata nyimbo kabla hazijaisha. Kama kosa linaongezeka, ile amri ya kunyoosha hatua kwa hatua inakuruhusu kuweka badiliko la mwanzo na la mwisho tofauti.

Kipimo kizuri kuliko wimbo ni milio ya saa. Kama kuna mahali kituo kiliunganisha matangazo ya BBC na ile milio sita ikaingia kwenye kanda, una bahati. Imepangwa sekunde moja moja na kila mmoja ni wa hezi 1000. Kuza picha ya wimbi, pima kutoka mwanzo wa mlio mmoja hadi mwanzo wa unaofuata. Ukikuta sekunde 0.96, kanda inakimbia kama asilimia 4. Sikio linadanganyika, milio haidanganyi.

Masafa_ya_Kati

Tarehe zinapatikana, ila si kwenye nyimbo. Sikiliza kilicho katikati yake.

Matangazo ya biashara ndiyo kalenda. Namba ya simu ya Dar ikisomwa na 051 mbele, uko kabla ya mabadiliko ya namba za simu. Ikisomwa 022, uko baada. Ukisikia 0744, hiyo ni Vodacom, iliyoingia Tanzania 2000, kwa hiyo kanda haiwezi kuwa ya 1998 hata jalada liseme hivyo. 0754 ni baadaye zaidi, namba hizohizo zilipobadilishwa. Jina la kituo nalo linakata mjadala: redio binafsi ziliruhusiwa kwa sheria ya 1993 na Radio One ikaanza 1994, basi chati yoyote ya FM binafsi ya Dar haiwezi kuwa nyuma ya hapo.

Kama chati ilikuwa ya Marekani ikisomwa hapa, ni rahisi zaidi. Billboard Hot 100 inapatikana wiki kwa wiki tangu Agosti 1958. Usilinganishe namba moja peke yake, wimbo unaweza kukaa juu miezi miwili. Chukua nafasi tatu zinazofuatana, mfano 14, 13 na 12, na utafute wiki ambayo zilikaa hivyo. Kisha acha nafasi ya kuchelewa: kituo cha hapa kinaweza kusoma chati ya wiki kadhaa nyuma. Tarehe uliyopata ni ya mapema kabisa inayowezekana, ndivyo uandike.

Chati za ndani hazina pa kulinganisha. Soko letu la kanda lilijaa nakala zisizo na leseni, takwimu za mauzo za kuaminika hazikuwepo. Vituo vilitegemea simu, kadi na barua za wasikilizaji, pamoja na sikio la mtangazaji mwenyewe. Kwa hiyo kanda yako ndiyo kumbukumbu. Kila namba inayotajwa iandike, hata ya wimbo uliokatwa.

Kanda_Tisini

Asanteni sana wakuu. Nimepima moja, mwisho wa upande B ni 0.955, mwanzo uko sawa. Betri.

Sasa nauliza: niwe nakata nyimbo nibaki na sauti za watangazaji tu? Nyimbo si zipo mtandaoni kwa ubora zaidi?

LainiYaSauti

Za nje ndiyo, zipo. Kilichonaswa hapo ambacho huwezi kukipata kwingine ni mtangazaji, kiashirio cha kipindi na salamu. Kwa kusikiliza, kata. Faili la asili liache zima.

Masafa_ya_Kati

Kwa za RTD nakataa kukata hata sekunde moja. Bendi zilikuwa zinaingia studio za RTD pale Barabara ya Pugu kurekodi, na nyimbo nyingi kati ya hizo hazikuwahi kutoka kwenye sahani. Zilibaki kwenye mizingo ya redio. Leo unapata wimbo wenye jina hilohilo mtandaoni, kumbe ni toleo jingine lililorekodiwa upya, mpiga solo mwingine, ubeti umepungua. Kanda iliyorekodiwa nyumbani inaweza kuwa na toleo ambalo huwezi kulinunua popote.

LainiYaSauti

Hapo nakubali. Basi usikate kitu, weka vibandiko. Kwenye Audacity, faili likiwa linacheza bonyeza Ctrl+M, andika "namba 7" au "tangazo" au "taarifa ya habari", endelea. Faili linabaki zima na unaruka unakotaka.

Kupunguza ule mchanga wa "shhh" fanya kwenye nakala tu, usizidi dB 6 hadi 9. Ukizidisha, sauti inakuwa kama mtu anaongea chini ya maji. Kanda za masafa ya kati hazina sauti nyembamba za kuokoa tangu mwanzo, kwa hiyo kata kila kitu cha juu ya kilohezi 5 na utaona nusu ya mchanga imeondoka yenyewe.

MsikilizajiTanga

Utakuta mapengo. C90 inageuzwa dakika ya 45, na anayerekodi akichelewa kugeuza anapoteza wimbo. Wengine walibana pozi kila mtangazaji akifungua mdomo. Kwenye kanda hizo, nafasi hazitajwi, inabidi uhesabu nyimbo ukirudi nyuma kutoka namba moja. Ukikuta nyimbo 17 kwenye chati ya 20, usijaze tatu zilizobaki kwa kukisia. Andika "haipo, upande umegeuzwa" na dakika yenyewe.

FundiDeki

Na jina la faili lianze na namba ya kanda na upande, mfano K07_B, na namba hiyohiyo iandike kwenye ganda kwa kalamu ya wino usiofutika. Karatasi usibandike, inafunguka ndani ya deki.