Kitenzi cha Kiebrania "paqad": Mungu alimjia Sara, Mungu anapatiliza maovu. Ni neno moja kweli?

MjukuuWaMbozi:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Nina swali la Kiebrania, na linanigusa mwenyewe, kwa hiyo nivumilieni nieleze.

Babu mzaa baba alikuwa mganga huko Mbozi, na alijulikana sana. Alifariki kabla sijaanza shule. Mimi nimeolewa Mbeya mjini, miaka inakwenda na mtoto hajapatikana. Kaka yangu biashara ya kahawa imemwangusha, na mdogo wetu ameachika. Sasa kuna mtumishi anayekuja kwenye vikao vya ukoo, na amesema yote matatu yanatoka kwa babu. Andiko lake ni Kutoka 20:5: "nawapatiliza wana maovu ya baba zao, hata kizazi cha tatu na cha nne cha wanichukiao". Anatuhesabu kwa vidole: babu, baba, sisi. Anataka ukoo utoe sadaka ya kuvunja laana, na kikao ni Jumamosi ijayo.

Jana usiku nilifungua programu ya Biblia kwenye simu, ile inayoonyesha Kiebrania. Nikagusa "nawapatiliza", likaja neno paqad. Nikafungua orodha ya aya zenye neno hilo, na ya kwanza kabisa ilikuwa Mwanzo 21:1: "BWANA akamjia Sara kama alivyonena." Sara, aliyekuwa tasa! Usingizi ukaniruka.

Naomba anayejua aniambie: ni kitenzi kimoja kweli, au programu imechanganya? Na kama ni kimoja, maana yake hasa ni nini?

Mwalimu Mstaafu:

Marahaba, mwanangu. Programu haijachanganya. Ni kitenzi kimoja, פָּקַד, herufi pe, qof na dalet. Kwa Sara kimekaa katika tendo lililokwisha, paqad. Katika Kutoka 20:5 ni poqed, yaani mwenye kulitenda hilo.

Nimefundisha Agano la Kale chuo cha Biblia hadi nilipostaafu, na kitenzi hiki kila mwaka nilikipa muda kuliko vingine vyote. Mtaalamu E. A. Speiser aliandika mwaka 1958 kwamba huenda hakuna kitenzi cha Kiebrania kilichowapa wafasiri taabu kama hiki. Kinatokea mara 300 hivi, na katika Biblia yetu ya Union kinakuja kwa sura nyingi: kujia, kujilia, kuangalia, kuhesabu, kuweka, kupatiliza, hata kukosekana. Kwa hiyo usishangae kwamba miaka yote hii hukuwahi kumwona Sara ndani ya Amri Kumi.

Tuanze na wanadamu kwanza, Mungu tutamfikia. Katika 1 Samweli 17, Yese anampa Daudi bisi na mikate kumi, na jibini kumi za mkuu wa kikosi, anamtuma kambini akawa-paqad kaka zake: akawaone kama hawajambo. Katika Waamuzi 15:1 ni siku za mavuno ya ngano, na Samsoni anakwenda kum-paqad mkewe akiwa na mwana-mbuzi. Ukienda wodini kumtazama mgonjwa na chupa ya uji mkononi, umefanya tendo hilo hilo.

Kisha kuna kuhesabu. Kitabu cha Hesabu kimejaa mzizi huu: wanaume 603,550 wa sura ya kwanza ni pequdim, watu waliopitiwa mmoja mmoja ikajulikana kuwa yupo. Na anayehesabu ndiye anayegundua aliyepungua. Ndiyo maana Yonathani anamwambia Daudi katika 1 Samweli 20:18 kwamba kesho atakosekana, kwa kuwa mahali pake patakuwa wazi. "Atakosekana" na "patakuwa wazi" vyote viwili ni paqad. Halafu kuna kukabidhi: Potifa anamweka Yusufu juu ya nyumba yake (Mwanzo 39:4). Na Zaburi 31:5, maneno ambayo Bwana Yesu aliyasema msalabani, "Mikononi mwako naiweka roho yangu", hilo "naiweka" ni mzizi huu huu.

Ukiviweka pamoja unaona jambo moja. Mwenye dhamana anamwelekea aliye chini yake, anatazama hali yake ilivyo, kisha anatenda kulingana na alichokikuta. Katika Ruthu 1:6 alikuta njaa, akawapa watu wake chakula. Katika Kutoka 3:16 alikuta mateso ya Misri. Kwa Hana (1 Samweli 2:21) alimkuta mama aliyekwisha kumtoa mwanawe hekaluni, akampa wana watatu na binti wawili. Akikuta uovu, hatua yake ni hukumu. Lakini adhabu haimo ndani ya kitenzi chenyewe, na sarufi inakusaidia kuona hivyo. Kinapokuwa cha kuadhibu, mara nyingi huandamana na neno al, "juu ya": Mungu anau-paqad uovu juu ya mtu. Kwa Sara hakuna al. Anayeendewa ni Sara mwenyewe.

Sasa sikiliza Yeremia 23, mstari wa 2 hadi wa 4, maana nadhani hapo ndipo kitenzi hiki kinang'aa kuliko popote. Mungu anasema na wachungaji wabaya wa Yuda. Kosa lao ni kwamba kondoo wametawanyika nao hawakwenda kuwa-paqad. Kwa hiyo, asema, mimi nita-paqad juu yenu uovu wa matendo yenu. Kisha anaahidi wachungaji wengine, na kondoo hawatakuwa na hofu tena, wala hata mmoja hata-paqad-iwa, yaani hatakosekana. Mara tatu katika mistari mitatu. Anayehukumiwa hapo ni mchungaji aliyeshindwa kuwatazama kondoo. Hilo ningependa kila anayesimama mbele ya familia yenye majonzi alijue.

BintKhamis_Unguja:

Assalaam alaykum, nawasalimu nyote. Mimi ni Muislamu, nasoma hapa kwa kupenda lugha. Mwalimu amenikumbusha kitu. Kiarabu kina mzizi huo huo, f-q-d. Faqada ni kupoteza, kukosa kitu. Tafaqqada ni kukagua, kwenda kuangalia nani yupo na nani hayupo. Katika Qur'ani, Sura An-Naml aya ya 20, Nabii Suleiman anawakagua ndege, watafaqqada t-tayra, kisha anauliza mbona hamwoni hud-hud. Kukagua na kukosekana viko ndani ya aya moja, kama hao kondoo wa Yeremia. Dada wa Mbozi, Mungu akufungulie.

Mlei_Rombo:

Naongeza la Kigiriki, nililolipata kwenye semina ya makatekista. Wale wafasiri wa kale wa Aleksandria, waliolitafsiri Agano la Kale kwa Kigiriki, Mwanzo 21:1 waliiandika kwa episkeptomai. Ndicho kitenzi cha Luka 1:68, "Amewajia watu wake, na kuwakomboa". Ndicho pia cha Mathayo 25:36, kwenda kumtazama mgonjwa, na cha Yakobo 1:27, kuwatazama yatima na wajane. Jina la anayefanya kazi hiyo ni episkopos, ambalo lilipita Uarabuni likatufikia sisi kama "askofu".

Lakini Kutoka 20:5 wafasiri hao hao hawakutumia kitenzi hicho. Walitumia cha kulipa, "mwenye kulipa dhambi za baba". Kwa hiyo kuligawa neno hili hakukuanza na Biblia ya Kiswahili. Wayahudi wenyewe, walipoandika kwa Kigiriki, walishaona kwamba neno moja halitoshi.

Mjoli_wa_Shamba:

Mwalimu, kwa heshima zote, naona unawalainishia watu. Laana za ukoo zipo, tunaziona kila siku. Hesabu 14:33, watoto walitangatanga jangwani miaka arobaini kwa ajili ya uzinifu wa baba zao. Hilo nalo ni sarufi?

Mwalimu Mstaafu:

Ndugu Mjoli, umeleta andiko sahihi, na sitaki kulainisha kitu. Dhambi ya wazazi huwafikia watoto. Baba akiuza shamba kwa ajili ya pombe, mwanawe atalala njaa, na Biblia inalijua hilo. Lakini rudi juu kidogo, mstari wa 31: watoto hao hao ndio Mungu anaosema atawaingiza katika nchi. Waliteseka kwa kosa la baba zao, na ndio waliorithi. Na hakuna mahali katika sura hiyo watoto walipotozwa kitu ili hesabu ya baba zao ifutwe.

Mlei wa Rombo, asante kwa hiyo ya Aleksandria.

MjukuuWaMbozi:

Nimesoma yote, na nyingine nimesoma mara mbili, nikamsomea na mume wangu. Nina maswali mawili ya mwisho, Mwalimu.

La kwanza. Nikimwonyesha mtumishi kwamba Kutoka 20:5 inaishia na neno "wanichukiao", yaani inawasema wanaomchukia Mungu, nasi hatumchukii, najua atahamia Kutoka 34:7, ambako neno hilo halipo, na kumeongezwa "wana wa wana". Nimjibu nini?

La pili naliuliza kwa woga. Je, naweza kuishika Mwanzo 21:1 kama ahadi yangu?

Mwalimu Mstaafu:

Mwanangu, la kwanza ni jepesi kuliko unavyodhani. Ukitaka kujua Kutoka 34:7 ni andiko la kazi gani, mtazame mtu aliyelisikia kwa masikio yake alivyolitumia. Katika Hesabu 14:18 watu wameasi, Mungu amesema atawaangamiza, na Musa anasimama kati. Anamrudishia Mungu maneno yake mwenyewe, pamoja na hilo la kupatiliza hata kizazi cha tatu na cha nne. Anayatumia kuomba msamaha! Na mstari wa 20 Mungu anajibu kwamba amesamehe kama Musa alivyosema. Adhabu ilikuwepo, Ndugu Mjoli ameitaja, lakini watu hawakufutwa. Musa aliyasikia maneno yale kama mlango wa kuombea, na mtu hawezi kuwa anajua maana yake kuliko Musa.

Tena tazama mpangilio wa Kutoka yenyewe. Katika 20:5 na 6, kupatiliza kunafika kizazi cha tatu na cha nne, na rehema inakwenda kwa maelfu. Kumbukumbu la Torati 7:9 inasema wazi kuwa ni vizazi elfu. Mtumishi akihesabu kwa vidole, mwombe aendelee kuhesabu hadi afike huko.

Kisha fungua Ezekieli 18, uisome kwa sauti kuanzia mstari wa kwanza. Watu wa uhamishoni Babeli walikuwa na msemo, baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yametiwa ganzi. Walikuwa wanasema kama anavyosema mtumishi wenu: sisi tunalipa ya wazee. Mungu anaukataza msemo huo kwa kiapo, na mstari wa 20 unasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Yeremia 31:29 na 30 inasema vilevile, na Torati ilikuwa imeshasema katika Kumbukumbu la Torati 24:16. Hao ni mashahidi watatu.

La pili linahitaji unyofu. Aya inasema Mungu alimjia Sara "kama alivyonena". Alikuwa amemwahidi mtu huyo, kwa jina, mwana. Mimi siwezi kukuahidi kwa niaba ya Mungu alichomwahidi Sara, na anayefanya hivyo mbele yako anachukua mamlaka asiyopewa. Ninachoweza kukuambia ni kwamba Mungu wa kitenzi hiki anakwenda kumtazama mtu, na kwamba hali yako ya sasa si ushahidi wa hasira yake. Ruthu 1:6 inasema aliwajilia watu wake wakati Naomi yuko Moabu, mjane aliyezika wanawe wawili, naye alidhani mkono wa Bwana umetoka kinyume chake. Hivyo ndivyo alivyodhani. Soma kitabu kizima uone.

Omba kama Hana alivyoomba. Na nendeni hospitali mkapimwe wote wawili, wewe na mumeo. Nasisitiza wote wawili, maana mara nyingi anapelekwa mwanamke peke yake.

MjukuuWaMbozi:

Asante sana, Mwalimu. Mume wangu amekubali, tutakwenda wote. Baba naye nimempigia simu. Amesema kikao cha Jumamosi kitaanza kwa mimi kusoma Hesabu 14 na Ezekieli 18, ndipo mtumishi azungumze, na habari ya sadaka isitajwe kabla ya hapo.

Ila nisije nikalitamka vibaya mbele ya wazee. Linatamkwaje?

Mwalimu Mstaafu:

Pa-KAD. Mkazo uko silabi ya mwisho, tofauti na Kiswahili. Leo Waisraeli wanaitamka k ya kawaida. Zamani ilitoka nyuma ya koo.

BintKhamis_Unguja:

Kama qaf yetu. Jumamosi njema, dada.