Most Wanted ya 2005: hela kidogo, nianze kufunga nini kwenye gari nimpige Earl?

DogoWaGia:
Wakuu habari za jioni. Nacheza Need for Speed Most Wanted ile ya 2005 kwenye PC, nimefika Blacklist (ile orodha ya wapinzani 15 wa kuwapiga mmoja mmoja) namba 9 kwa Earl na hapa nimegota. Gari yangu ni Golf GTI niliyomnyang'anya Sonny, yule namba 15, jamaa anakuja na Lancer Evo 8, kwenye nyoofu namwacha vizuri tu ila kila kona ananipita kama nimesimama. Hela ya kufunga kila kitu kwa mpigo sina, sasa nianze na injini, turbo, matairi au nitro? Halafu nina tokeni ya Junkman ya injini (ile ya kufunga kifaa maalum chenye nguvu kuliko vya dukani) sijaigusa, niiweke humu humu kwenye Golf?

MzeeWaKona:
Dogo mbona umeshajijibu, nyoofu unamwacha, injini ya nini tena? Funga matairi na suspensheni kwanza, breki zifuate. Lile gemu lina tabia yake, wapinzani wanavutwa wakufikie hata uwe umewaacha mbali, kwa hiyo ukiongeza spidi peke yake utaingia konani na moto mkubwa zaidi, unabamiza ukuta, ukigeuka jamaa huyo hapo. Gari ikikamata barabara unapita kona bila kukanyaga breki sana na hapo ndo unamchosha.

TurboMbovu:
Mzee hapo nakupinga kidogo, mbio zenyewe si za aina moja. Drag haina kona, pale ni injini, gia na nitro tu, na gia unabadilisha mwenyewe, sindano ikikaa kwenye nyekundu injini inakufa mbio imeisha. Speedtrap nayo wanajumlisha spidi yako kwenye kila kamera, kwa hiyo nitro tunza uilipue ukikaribia kamera.

MzeeWaKona:
Drag sawa, sibishi. Ila dogo kasema anapigwa kwenye kona, tumtibu anapoumwa.

Buda_wa_Thika:
Boss wacha kwanza kumaliza doo kwa rimu na stika. Rangi badilisha tu kama heat (kiwango cha polisi kukusaka) imepanda, juu ukibadilisha sura ya gari makarao wanapoa kidogo. Na hiyo tokeni usiweke kwa Golf hata kidogo! Ukishaitumia imebaki kwa hiyo gari, huwezi ihamisha. Ukimshinda Earl unachagua vitu 2 kati ya 6, lenga zile zimefichwa kwa alama ya kuuliza, moja inaweza kuwa Evo yake yenyewe, hapo sasa ndo unaweka Junkman na hiyo gari inakupeleka mbali.

TurboMbovu:
Naunga mkono hapo kwa tokeni. Na kabla hujatoa hata senti, simamisha gemu uingie kwenye tuning, sogeza handling na steering kidogo kidogo uone gari inavyobadilika, ni bure. Kona kali tumia Speedbreaker, ile inayopunguza mwendo wa muda, wengi wanaisubirishia polisi tu wakati kwenye mbio inasaidia sana.

DogoWaGia:
Aisee nimewaelewa wakuu, tokeni naificha. Ila hela inatosha kimoja tu kwa sasa, matairi au suspensheni?

MzeeWaKona:
Matairi. Suspensheni utaitafutia hela kwa kushinda mbio, ila polisi wakikukimbiza angalia straiki (alama unazopata ukikamatwa), zikijaa wanaibeba Golf na vyote ulivyofunga.