Tupeane uzoefu: Kuhamisha "Live at Wembley '86" ya Queen bila kelele za mashabiki kukatika

Wakuu, uzi huu ni wa wanaohamisha albamu za tamasha kutoka CD kwenda kwenye kompyuta, simu au flashi ya gari. Tuanze na hii ya Queen, bendi ya rock ya Uingereza, maana ndiyo inayoumbua mitambo upesi. Shoo ni ya tarehe 12 Julai 1986, uwanja wa Wembley, London. Albamu ilitoka 1992: CD mbili, nyimbo 28. Freddie Mercury, mwimbaji wao, haachi ukimya. Wimbo ukiisha uwanja unalipuka, anaongea, wimbo mwingine unaingia juu ya kelele zilezile. Ukikosea kidogo tu, uwanja mzima unazimwa na kuwashwa. Wekeni hatua, na sababu zake.

---

Mchawi wa kukatika huko ni MP3. Inafunga sauti kwa fremu (vipande) za sampuli 1152 (sampuli ni kipimo kimoja kidogo cha sauti), yaani milisekunde 26 hivi kila fremu. Wimbo ni nadra kuishia hasa kwenye mpaka wa fremu, kwa hiyo programu inajazia ukimya mwishoni, na mwanzoni nako inaongeza. LAME, programu ya kutengeneza MP3, huandika ndani ya faili imeongeza kiasi gani, lakini simu au redio isiyosoma taarifa hiyo itakupa pengo tu.

Tumia FLAC, aina ya faili inayobana sauti lakini inatunza kila sampuli. WAV, yaani sauti isiyobanwa, inakula MB 10 kwa dakika. FLAC ya muziki kama huu inashuka hadi theluthi mbili hivi ya hapo, kwa sababu kelele za umati hazibanwi kirahisi. MP3 ya kbps 320 ni MB 2.4 kwa dakika.

Wanaotumia Exact Audio Copy (programu ya kunakili CD kwenye kompyuta): chagua hali ya "secure" (kusoma kwa uhakika), kisha hakikisha mapengo, yaani sehemu zilizo kati ya nyimbo kwenye CD, yanaunganishwa na wimbo uliotangulia. Ukiweka yaachwe, unaweza kupoteza maongezi, maana kwenye baadhi ya CD za tamasha hotuba ya mwimbaji imewekwa humo humo kwenye pengo.

---

Na crossfade ya simu (ile inayochanganya mwisho wa wimbo na mwanzo wa unaofuata) izimwe, iwe 0. Watu wanalaumu faili bure.

---

Kwa gari, mkuu, usihangaike na nyimbo 28. Redio nyingi za gari hupumua kidogo kila zikifungua faili jipya, hata liwe FLAC. Nakili kila CD iwe faili moja zima (Exact Audio Copy ina chaguo la "image"), kisha geuza MP3 kama redio yako haisomi FLAC. Litabaki pengo moja, kati ya CD ya kwanza na ya pili, na pale halidhuru. Hasara ni kwamba huwezi kuruka wimbo. Mimi naona ni faida.

---

Wanaochoma CD upya: chagua Disc-At-Once (kuchoma CD nzima kwa mkupuo). Track-At-Once (wimbo mmoja mmoja) inapachika sekunde 2 za ukimya kati ya nyimbo. Ukikata mwenyewe kwa Audacity (programu ya kuhariri sauti), badili kipimo cha muda kiwe "CDDA frames", 75 kwa sekunde, na uwashe snap ili mkato ukae kwenye mpaka wa kipande. CD inahifadhi sauti kwa vipande vya sampuli 588. Ukikata katikati ya kipande, kinachobaki kinajazwa ukimya, na hapo ndipo ile "tik" inapozaliwa.

---

Sauti kupanda na kushuka: ReplayGain (mpangilio unaosawazisha ukubwa wa sauti) iwe ya albamu, siyo ya wimbo mmoja mmoja. Ya wimbo mmoja inapandisha Love of My Life, ambayo ni gitaa na sauti za watu, ilingane na Hammer to Fall. Matokeo yake umati unavimba na kunywea kila wimbo ukibadilika.

---

Kabla ya yote, angalieni mna albamu ipi. Live Magic ya Desemba 1986 ni ya ziara ileile lakini imechanganya matamasha, na nyimbo kadhaa zimefupishwa; Bohemian Rhapsody haina kabisa sehemu ya opera. Hiyo hakuna programu ya kuirudisha.

Kwenye ile ya Wembley opera ipo, ila ni kanda ya studio iliyochezwa bendi ikiwa imetoka jukwaani, kwani watu wanne wasingeweza kuimba sauti zote zile kwa pamoja. Mkisikia mwangwi wa sauti umebadilika ghafla pale, msirudie kunakili, faili ni zima.