MREJESHO: Mazoezi kwa mgonjwa wa skizofrenia anayetumia olanzapini

Wakuu, asanteni. Niliuliza mdogo wangu mwenye skizofrenia (ugonjwa wa akili) afanyeje mazoezi: anameza olanzapini, dawa ya ugonjwa huo, usiku, uzito unapanda, asubuhi haamki.

Kilichosaidia ni kuhamishia mazoezi saa kumi jioni, usingizi wa dawa ukiwa umepungua. Alianza kutembea dakika 10, tukaongeza 5 kila wiki, na lazima awe na mwenzake. Akiachwa peke yake haendi. Sasa anafikisha 30.

Mazoezi ya kulala chini na kuinuka haraka yaligoma: akisimama ghafla presha inashuka, kizunguzungu. Sasa ni kukaa na kuinuka kwenye kiti, polepole, mara 8, seti 2.

Uzito haujashuka, umeacha tu kupanda. Dawa hatujagusa.

Wenye mgonjwa anayetumia lithiamu (dawa nyingine ya magonjwa ya akili), zingatieni maji: mwili ukikaukiwa, dawa hupanda kwenye damu.