Feni ya kompyuta ya mezani inakwaruza asubuhi, ikipata joto inatulia. Nibadilishe ipi?

Stesheneri_Mwanjelwa:
Wakuu, habari za jioni. Kompyuta ya mezani, ilinunuliwa ikiwa imetumika. Tangu baridi ya Juni ianze, ikiwashwa asubuhi inakwaruza kwa nguvu kama dakika kumi, halafu kelele inapungua yenyewe. Mchana kazi zikiwa nyingi inavuma tu. Ina feni tatu: ya prosesa, ya nyuma ya kasha na ya pawa saplai. Vumbi limeshapulizwa kwa bloa, kukwaruza kuko palepale. Ninunue feni ipi?

Fundi_Uyole:
Usinunue kitu bado, mkuu. Hizo ni kelele mbili zenye sababu mbili.

Kukwaruza kwa asubuhi ni dalili ya feni ya bushi iliyokaukiwa mafuta. Shafti ya feni inazunguka ndani ya bushi yenye mafuta kidogo sana. Joto la miaka linayakausha, vumbi linachanganyika nayo, yanabaki mazito na ya kunata. Baridi yetu ya Mbeya inayakaza zaidi, kwa hiyo shafti inakwaruza mpaka kitovu kipate joto. Kuvuma kwa mchana ni prosesa iliyopata joto, na bodi kuu ya mashine imeongeza kasi ya feni.

Mtafute mwenye kelele asubuhi, mashine ikiwa baridi. Mchana hutasikia kitu. Chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde 10 kumaliza chaji. Chomoa plagi ya feni ya nyuma, washa, sikiliza. Kama bado inakwaruza, zima, irudishe, kisha chomoa ya prosesa. Hapo usizidishe sekunde 20. Mashine nyingi za ofisini zitagoma na kuleta ujumbe wa feni, lakini muda huo unatosha kusikia. Usisimamishe panga kwa bisibisi. Kelele ikibaki katika majaribio yote mawili, ni pawa saplai, na hiyo usiifungue: kapasita zake hushika umeme hata baada ya kuchomoa. Badilisha nzima.

Ikiwa ni ya nyuma au ya prosesa, ifungue, bandua stika ya katikati, toa kizibo cha mpira kama kipo, weka tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani. Zungusha kwa kidole, futa yaliyomwagika kwa spiriti, la sivyo stika haitashika. Mafuta ya kupikia yanaganda, na spreyi ya kulegeza kutu inakauka haraka, kelele inarudi.

Kihesa_Kompyuta (Iringa):
Naongezea kwenye bloa, maana hapo watu wanaua feni. Ukipuliza, shika panga lisizunguke; upepo ule unalizungusha kupita kasi yake na kula bushi. Halafu ng'oa feni ya prosesa utazame chini yake. Kiangazi chetu kina vumbi jekundu jembamba, linajaza nafasi za mapezi ya hitisinki (kile kipande cha metali kinachopooza prosesa) hadi hewa haipiti, na ukitazama kwa juu panaonekana safi. Brashi laini ya rangi inalitoa.

Ukishasafisha na mchana bado inavuma, badilisha pesti ya prosesa, ile inayopitisha joto kutoka prosesa kwenda hitisinki. Washa mashine dakika tano ilainike, zima, chomoa umeme, kisha zungusha hitisinki kidogo kushoto na kulia kabla ya kuinua. Futa ya zamani kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mchele. Ukijaza, inavuja pembeni bila faida yoyote.

Stesheneri_Mwanjelwa:
Asanteni sana. Ni ya nyuma. Mafuta yamepunguza kidogo tu, na panga likishikwa linacheza huku na huku. Imeandikwa 12V 0.18A, ina waya tatu.

Fundi_Uyole:
Ikicheza hivyo bushi imelika, mafuta hayatasaidia. Hiyo sasa nunua. Pima kutoka katikati ya tundu la skrubu hadi la pili: milimita 71.5 ni feni ya 80, 82.5 ni ya 92, 105 ni ya 120. Pima na unene, nyingi ni 25. Chukua ya 12V, ikiwezekana ya beringi, inavumilia zaidi. Plagi ya pini tatu inaingia hata kwenye soketi ya pini nne, ila kagua bodi kwanza: baadhi ya mashine za ofisini zina plagi za kwao ambazo feni ya dukani haiingii. Kwenye kufunga, upande wenye stika na mbavu ndiko hewa inakotokea, kwa hiyo upande huo utazame nje ya kasha.