Fangasi wa kucha: ninunue vidonge au dawa ya kupaka?

Dada_Mwanana: Habari zenu wana jukwaa. Kucha zangu zina fangasi na leo jioni napita duka la dawa. Hela niliyonayo inatosha kitu kimoja tu: terbinafini ya vidonge, au amorolfini, ile ya kupaka kama rangi ya kucha. Ipi inaponya kweli? Nimechoka kukunja ngumi mbele za watu.

Kibatari: Za mkono au za mguu? Ngapi? Umepima? Unatumia dawa nyingine yoyote? Bila hayo tutabahatisha tu.

MamaSalha: Vidonge, mwanangu. Ugonjwa uko chini ya kucha, wewe unapaka juu, utafika lini? Mimi nilimeza terbinafini ya miligramu 250, kimoja kila siku kwa wiki 12, na kucha za miguu zote zikarudi.

Mremba_Kucha: Mama, shikamoo, ila hapo sikubaliani nawe. Kutengeneza kucha ndiyo kazi yangu. Kama ugonjwa umeanzia nchani na shina ni zima, ya kupaka inasaidia. Wengi hushindwa kwa sababu wanaipaka kama pambo. Unatakiwa kwanza ukwangue kucha kwa tupa, uifute kwa spiriti, ndipo upake, mara moja au mbili kwa wiki, na usichoke kwa miezi. Tupa ya kucha mgonjwa isiguse kucha nzima hata siku moja.

MamaSalha: Marahaba. Miezi yote hiyo nani anayo?

Mfuaji: Dada, usinunue chochote leo. Nisome mpaka mwisho.

Mimi kazi yangu ni kufua. Kidole cha kati kilianza kuvimba pembeni mwa kucha, ngozi ikawa nyekundu inang'aa, ukiibonyeza linatoka tone la usaha. Kile kingozi chembamba kinachoziba shina la kucha kikaisha kabisa, pakabaki upenyo ambao maji yanaingia na kukaa. Baadaye kucha ikaota matuta ya kukingama na ubavuni ikageuka kahawia. Nikajinunulia terbinafini, wiki sita nzima. Ladha ikanitoka mdomoni, kila nilichokula nikakiona kama karatasi, na kucha ikabaki vilevile.

Daktari wa ngozi alikata kipande, akakwangua uchafu wa chini, ukaangaliwa kwa hadubini na mwingine ukaoteshwa maabara. Nilisubiri wiki kadhaa. Jibu: kandida, fangasi wa jamii ya hamira. Akanieleza kuwa terbinafini makali yake ni kwa fangasi wa jamii ya choa, na hao ndio wanaopenda kucha za miguuni. Hamira hupenda zaidi mikono inayoshinda majini. Nikapewa itrakonazoli: miligramu 200 asubuhi na 200 jioni kwa wiki moja, wiki tatu napumzika, kisha wiki moja tena.

Akanichorea kijifereji kwa tupa pale kucha mbovu ilipokutana na nzima. Kucha ya mkono hukua karibu milimita 3 kwa mwezi. Kila Ijumaa nilikuwa naangalia kijifereji kimesogea wapi. Kilipopanda na nyuma yake pakawa safi, nililia.

Dada_Mwanana: Jamani samahani, niliandika kwa haraka. Ni za mkono, gumba na kidole cha shahada. Naosha vyombo kazini kutwa nzima. Pembeni panavimba kama kwa Mfuaji! Sijapima. Na kila usiku nameza simvastatini ya kushusha lehemu. Basi nitafute itrakonazoli?

Kibatari: HAPANA. Simvastatini na itrakonazoli haziendi pamoja, misuli inaweza kuharibika vibaya. Na mwenye moyo kushindwa kufanya kazi, itrakonazoli haimfai. Ndiyo maana niliuliza mapema.

Mfuaji: Kweli kabisa. Mimi sikuwa na dawa nyingine, nilipaswa kusema.

Jabari77: Siki tu. Loweka vidole asubuhi na jioni.

Mremba_Kucha: Kidole kimechubuka, wewe unakitia siki? Halafu tatizo lake ni majimaji, unamwongezea majimaji.

Jabari77: Mimi ilinisaidia.

Kibatari: Ulipima ukajua ilikuwa fangasi? Soriasisi, ugonjwa wa ngozi usio fangasi, nayo huharibu kucha zikafanana hivyohivyo.

MamaSalha: Avae glovu.

Mfuaji: Glovu za mpira peke yake mkono unatoka jasho, ni majini kulekule. Ndani avae za pamba, na azibadilishe zikilowa.

Tunu_: Samahani kuingilia. Kucha ya mama yangu imebanduka na chini imekuwa ya kijani. Naye ni fangasi?

Kibatari: Kijani mara nyingi ni bakteria, dada. Naye apimwe. Ana kisukari?

Tunu_: Anacho, ndiyo.

Kibatari: Basi usisubiri, mpeleke kesho.

Dada_Mwanana: Nimetoka duka la dawa. Mfamasia alipoona simvastatini akakataa kuniuzia vidonge mpaka nipime. Nimerudi na glovu za pamba jozi mbili. MamaSalha, wewe ulivyomeza wiki 12, ini walikupima?

MamaSalha: Walipima kabla sijaanza. Nilisahau kusema.

Mremba_Kucha: Mwanana, usikate hicho kingozi cha shinani wala kukisukuma. Na ukienda kupima, usiende na rangi kwenye kucha.

Dada_Mwanana: Nimeipaka jana, kuficha. Naifuta sasa hivi.